Kitabu Hakipigi Hodi

Mmeniomba niwaachie neno, nyinyi mnaokalia sasa kiti changu pale juu ya duka la vitabu. Mkubwa wenu Faraj amenipigia simu akitaka niandike "safari yangu ya mafanikio". Mafanikio gani? Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikifuta mvua. Andikeni hivyo kwenye ukuta wa ofisi mkipenda: Nyaboke, mhariri mstaafu, mfuta mvua. Kwa maana hakuna hadithi ya mapenzi iliyopita mezani kwangu ambamo wapenzi walirudiana bila kunyeshewa, hata kama ni Januari na ng'ombe wanalamba vumbi.

Kwa asiyeijua kazi yetu, sisi tulichapisha vijitabu vya mapenzi kwa Kiswahili, vile vidogo vya kutia mkobani. Vingi asili yake haikuwa hapa. Mwandishi alichukua riwaya kongwe ya Kizungu, ambayo mwenyewe alishakufa zamani na hawezi kumshtaki mtu, akaivua koti, akaivisha leso, akaileta Kisii. Na katika hizo riwaya kongwe, wateja wetu walipenda aina moja tu. Wawili wanapendana ujanani, watu wanawatenganisha, miaka inapita, wanakutana tena. Penzi la pili. Nimelisoma mpaka nikawa nikiona jalada tu najua ni sura gani mtu ataangusha kikombe.

Siku yangu ya kwanza nilifika na diploma ya ualimu na kiburi cha kutosha. Bwana Swaleh, mwenye duka na mwenye kampuni, Mungu amrehemu, alinipa mswada na penseli nyekundu. "Penseli, si kalamu," akasema. "Wino haufutiki, na mwandishi naye ana mama yake." Nikashinda pale nikisahihisha nukta, vituo na maneno yaliyoandikwa vibaya. Jioni akapitia kazi yangu taratibu, akavua miwani.

"Bi Nyaboke, Kiswahili chako kizuri. Na theluji je?"

"Theluji gani, mzee?"

Ilikuwa sura ya tatu. Theluji imeanguka hapa kwetu Manga, imefunika migomba, na kijana wetu anaikung'uta mabegani akielekea kwa mchumba. Mwandishi aliinakili kutoka kitabu cha wenyewe, na mimi nilikuwa nimeiwekea nukta vizuri nikapita. Bwana Swaleh alicheka mpaka akakohoa. Theluji ile ndiyo kitu cha kwanza nilichofuta katika kazi hii.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Babu yake alifika Kisii na biashara, akaoa hapa, akazikwa hapa, na nyumbani kwao Kiswahili kilizungumzwa tangu asubuhi mpaka kulala, si kama sisi tuliokipata shuleni kwa viboko. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna kampuni ya Nairobi inayoijua. Mswada wowote, kabla haujaenda kwa mashine, ulisomwa kwa sauti kwenye kituo cha kununulia majani chai pale Sironga. Wanawake huleta majani mchana, wakayamwaga juu ya gunia, wakayachambua kutoa yale magumu, huku wakingoja karani wa mizani na lori la kiwanda. Lori huchelewa. Huchelewa sana. Bwana Swaleh alisema mtu anayengoja lori hana nguvu ya kumdanganya mwandishi.

"Wakiendelea kuchambua," akaniambia, "mrudishie mwenyewe mswada wake. Mikono ikisimama, chapa."

Jumamosi hatukwenda, kwa kuwa Wasabato walikuwa kanisani, na Ijumaa mchana yeye alikuwa msikitini. Siku nyingine tulikaa pale kwenye benchi la mbao, mimi nasoma, yeye anatazama mikono. Wasikilizaji wetu walikuwa wakali. Nakumbuka hadithi moja ambamo mpenzi alirudi baada ya miaka mingi akashuka na helikopta Birongo, siku ya soko. Bitutu, ajuza mwenye meno machache na maneno mengi, akanikatiza.

"Yaya, hapana! Ngoja hapo. Ameshuka wapi?"

"Shambani, mama."

"Shamba ya nani? Mahindi imelala yote na wewe unaniambia mapenzi?"

Kituo kizima kikacheka. Mjane mmoja aliyeitwa Kemunto, wengi wakimwita Mama Evans, alicheka kuliko wote. Alikuwa na namna yake ya kucheka: hufunika jicho moja kwa kiganja, kana kwamba kicheko kinatokea upande huo. Helikopta tukaitoa. Mwandishi akanuna, akaenda kutafuta kampuni nyingine, na sikumkumbuka tena mpaka leo hii.

Kisha miguu ya Bwana Swaleh ikamkataa, akabaki kwenye kiti karibu na mlango wa ofisi, na mwanawe Faraj akarudi kutoka Nairobi na digrii ya biashara na neno "maudhui". Kila kitu kikawa maudhui. Akaanzisha mfululizo mzima wa penzi la pili, majalada ya waridi, mwanamke amegeuza shingo. Vijana wakaleta miswada kwa barua pepe kama mvua ya masika, na yote ilikuwa mmoja. Mwanamke anaoka keki na "anajitegemea". Mwanamume ana hoteli. Simu inaisha chaji pale tu ambapo neno moja lingemaliza maneno. Na yule aliyerudi harudi maskini, abadan! Nimesoma mamia, sijakutana na mpenzi aliyerudi na vidonda vya tumbo na suruali ya mwaka juzi. Penzi la kwanza huvunjwa na umaskini, la pili huletwa na gari, halafu wanatuambia ni moyo. Moyo gani huo unaosubiri mpaka gari liwe na kiyoyozi?

Nilimwambia Faraj hivyo hivyo. Akasema, "Madam, watu wanataka matumaini." Nikamwambia matumaini nayajua, yana jasho, haya ni manukato. Akacheka, akaenda kuagiza majalada.

Ndipo akaja Mwalimu Onchari kutoka Nyamarambe. Alifundisha jiografia, alivaa sweta ya kijivu, na shati lake lilipigwa pasi mpaka kola ikawa na makali. Alikuwa karibu kustaafu na hakuwa ameoa, jambo ambalo kwetu watu hulitaja wakiwa wameshusha sauti. Akaweka mswada mezani kwa mikono miwili.

Naye pia alikuwa ameivisha leso riwaya kongwe. Moraa na kijana mmoja mwalimu waliahidiana, wazazi wa Moraa wakapokea ng'ombe za mtu mwingine, akaolewa huko. Miaka ikapita, mume akafa, Moraa akabaki mjane katika shamba la chai, mwalimu akarudi na gari dogo jeupe. Sura ya mwisho Moraa anachukua begi, anaingia garini, wanaondoka bila kutazama nyuma. Na nini kinanyesha? Haya, semeni nyinyi.

Lakini alijua kuandika, na hilo ndilo lililoniudhi. Ungedhani unaisikia harufu ya majani mabichi. Nikachukua penseli.

"Mwalimu, mvua hii tutaitoa."

"Mvua ibaki, madam."

"Kila mwandishi huniambia hivyo."

"Hii ilinyesha kweli," akasema, akatazama viatu vyake. Nikadhani ni kile kichaa cha kawaida cha waandishi.

Faraj alikuwa tayari na jalada. Mimi nikashika desturi ya mzee, nikabeba mswada mpaka Sironga. Nikaanza kusoma. Mikono ikachambua. Nikafika pale Moraa anapotoka nyumbani asubuhi, na mwandishi anaieleza nyumba: geti la buluu lililopinda upande mmoja, mparachichi uliopigwa na radi ukachipua tena, na kaburi la mume kando ya tangi la maji, limepandwa waridi jeupe. Mikono ikasimama. Yote. Nikajiambia, leo tumepata! Nikaongeza sauti, nikasoma jinsi Moraa alivyocheka akifunika jicho moja kwa kiganja.

Hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Wote walimtazama Kemunto, naye alikuwa ameinamia majani yake, uso umekuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Sikuwahi kufika kwake, sikulijua geti lake, na kicheko kile nilikuwa nimekiwekea nukta nikapita, kama ile theluji. Wao walilijua. Mwalimu Onchari alifanya kama wanavyofanya wote wanaogeuza hadithi za zamani: alibadilisha majina, basi, akaona amemaliza. Sasa nani Sironga humtambua mtu kwa jina la kitabuni?

Bitutu ndiye aliyejaribu kuokoa. "Hiyo ni ya Birongo!" akapaza sauti. "Birongo iko geti mingi kama hiyo!" Lakini mke wa Ogeto alikuwa amekaa palepale na gunia lake, na Ogeto ni ndugu wa marehemu mume wa Kemunto. Mke wa Ogeto akarudia kuchambua polepole, jani moja moja.

Mgeni anaweza kuuliza, kuna ubaya gani? Ubaya ni huu. Kwetu mke aliyeletwa na ng'ombe ni wa boma lile hata mume akiwa kaburini. Akipanda gari la mwanamume mwingine na begi, ndugu za marehemu husema ameondoka mwenyewe, na chai inarudi kwao. Sheria ya serikali iko upande wa mjane, najua, hata kijitabu chake nimekihariri. Lakini sheria inakaa mjini, na shemeji anakaa jirani. Wiki ile ile Ogeto aliingia katika chai ya Kemunto na futi mkononi, akaanza kupima mistari. Alipoulizwa akajibu, "Tumesikia unasafiri, shemeji."

Kemunto akaja ofisini kwetu. Alivaa nguo za kanisani, akaketi wima, akauliza jambo moja tu: nani ameandika. Nikampigia Onchari aje. Alipopanda ngazi na kumkuta pale, alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Wakaamkuana kwa Ekegusii, kwa adabu zote, habari za watoto, habari za mvua. Kisha Kemunto akageukia Kiswahili makusudi, ili Bwana Swaleh na Faraj wasipitwe na kitu.

"Mwalimu, umenipamba kwa hiyo kitabu yako. Asante. Sasa Ogeto anapima chai yangu na futi."

"Kemunto, ni hadithi tu. Jina nilibadilisha."

"Jina! Nani anajua mtu na jina? Mtu ni geti yake. Mtu ni kaburi ya bwana yake."

Faraj akaingilia, maskini. "Mama, geti tunaweza kulipaka rangi nyingine."

"Wewe kijana ya watu, nyamaza kidogo." Hakumtazama hata. "Mwalimu, umeandika mimi naondoka. Na begi. Ni siku gani uliniuliza kama naondoka? Hiyo chai nilipanda nikiwa na mimba ya Evans. Bwana yangu nimemzika pale na mimi nitazikwa pale. Mimi siendi mahali."

Onchari akalamba midomo. "Kwa hivyo ni hapana."

"Umesikia nikisema hapana? Nimesema siendi. Wewe huna miguu? Kutoka Nyamarambe mpaka Sironga iko barabara. Kuja mchana, watu wakiona. Bisha geti. Salimia Ogeto, kaa kwa kiti, useme ni nini imekuleta. Kama ni kunywa chai tu na kuongea mpaka tuzeeke, sema hivyo. Lakini kuja. Kitabu haipigi hodi, Mwalimu."

Nyinyi mnaopenda hadithi za Faraj, hapa ndipo mwanamume huanguka magoti. Mwanamke alikuwa amemfungulia mlango mbele ya mashahidi, tena katika ofisi ya kuchapisha mapenzi! Kilichobaki ni kusema "nitakuja", neno moja. Onchari akatazama dirisha, akatazama sweta yake, akang'oa uzi uliokuwa haupo.

"Lakini Kemunto," akasema, "watu watasema nini?"

Wallahi, kama alivyozoea kusema Bwana Swaleh, nilitaka kumrushia rula. Mtu aliyekuwa tayari kuuza moyo wake katika kila duka la vitabu kutoka hapa mpaka Mombasa, anaogopa watu wa Sironga watasema nini! Alitaka yeye avuliwe kofia, na mjane avuliwe shamba. Na hilo ndilo penzi la pili mnalolilipia.

Kemunto akafunga kilemba chake upya, bila haraka. "Basi musichape," akatuambia sisi, akashuka ngazi.

Faraj akaanza kuzungumza juu ya sanaa. Baba yake akamkata kutoka kwenye kiti cha mlangoni. "Nyumba ya mtu haichapwi bila ruhusa ya mwenyewe. Mpe Mwalimu kazi yake." Onchari akaukumbatia mswada kifuani, akaondoka akishuka upande upande kama mtu aliyebeba mayai. Bitutu naye akaenda kusimama mbele ya kina mama kanisani akaapa kwamba hadithi ile ilikuwa ya Birongo, Mungu amsamehe uongo huo mtakatifu. Kitabu hakikutoka, begi halikuonekana, gari halikuja. Ogeto akachoka, akaikunja futi yake.

Sisi tukaendelea na kazi. Bwana Swaleh akafariki, nikahariri keki na hoteli nyingine nyingi, macho yakaanza kutaka taa kubwa zaidi. Halafu siku moja Faraj akaingia na kitabu kutoka Nairobi, uso umemshuka. "Ona, madam. Hii ingekuwa yetu." Onchari alikuwa amepata wachapishaji wengine. Wao walisema wasomaji hawaijui Sironga, basi shamba la chai likahamia Limuru, Moraa akawa na jina la huko, na geti likapakwa kijani. Begi lipo. Gari lipo, limekuwa kubwa. Kinauzwa hadi kwenye maduka makubwa karibu na sabuni, na wanazungumzia filamu. Faraj alinionyesha picha za uzinduzi, Onchari na sweta mpya, akiwaeleza watu juu ya ujasiri wa kupenda tena. Ujasiri! Mtu aliyeshindwa na geti lisilo hata na kufuli.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kituo cha Sironga kuaga. Karani wa mizani alikuwa mwingine, benchi ni lile lile, na Bitutu, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alisinzia juu ya gunia. Kemunto akanisogelea na majani yake.

"Ile ya Mwalimu ilitoka?"

"Ilitoka."

"Uko nayo?"

Nilikuwa nayo mkobani. Nilikuwa nimeipitia yote kwa penseli nyekundu, kwa hasira tu, kitabu kilichokwisha kuchapwa, tena si chetu.

"Soma ile ya mwisho. Polepole."

Nikamsomea. Alichambua bila kuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye mvua. Mikono ikasimama.

"Hiyo mvua ni ya kweli," akasema. "Ilinyesha siku ng'ombe za bwana yangu ziliingia kwetu. Wazee wako ndani wanakula. Mimi niko jikoni, naangalia kwa dirisha. Huyu alikuwa amesimama huko nje ya ua, amelowa yote, na shati yake ya shule. Nikasema, sasa ataingia. Sasa ataongea. Baba yangu alikuwa anampenda, angemsikiza." Akalichagua jani moja gumu, akalitupa. "Alisimama mpaka mvua ikaisha, akaenda. Hata hiyo siku hakubisha."

Nikamalizia ukurasa. Mwanamke wa Limuru akaingia garini, mlango ukafungwa.

"Kwa hivyo ameenda na yeye," Kemunto akasema.

"Ameenda."

Akacheka, akafunika jicho moja kwa kiganja. Kicheko kikaisha, kiganja kikabaki palepale.

"Mimi ningefungua," akasema. "Mara zote mbili. Angebisha tu, ningefungua."

Lori likasikika kwenye kona. Wanawake wakaanza kukusanya majani na kuitana, mtu akamwamsha Bitutu. Kemunto akajifuta uso kwa ncha ya leso, akainua gunia lake akaenda kupanga foleni kwenye mizani. Nikakaa na kile kitabu magotini, nikatoa penseli. Nikafuta begi, nikafuta gari, nikafuta na ule ujasiri wote wa ukurasa wa mwisho. Mvua nikaiacha.